Nyumba Hii Haiuzwi

Mahali: Kigamboni, ng'ambo ya Dar es Salaam, mbele kidogo ya pale lami inapokata tamaa. Pagale la ghorofa moja. Zege la juu limeshamwagwa, madirisha bado, nondo zimechomoza zikisubiri ghorofa ya pili na kutu imeshazifikia. Mkungu umeota sebuleni. Ukutani kuna maandishi ya mkaa: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake mtu mwingine ameandika namba ya simu.

Wahusika: Pagale mwenyewe; Popo, mpangaji asiyelipa kodi; Mbuzi, mali ya mwalimu mstaafu mwenye pagale; Kunguru, dalali; na Mbayuwayu, aliyeingia wiki hii kutoka Ulaya akikimbia baridi.

KUNGURU: Hodi humu! Wenyewe mpo? Nimeleta mteja. Dada, karibu, pita, usiogope hilo shimo, hapo ni ngazi. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko, stoo, baraza mbele na nyuma. Na feri ni dakika kumi.

MBUZI: Dakika kumi? Mwalimu wangu akitaka kwenda mjini huondoka na adhana ya alfajiri.

KUNGURU: Dakika kumi kwa mbawa, bibi. Mimi ndivyo ninavyopima. Bahari dakika nne. Hospitali dakika sita. Shule ya kimataifa dakika saba.

POPO: Shule ipi?

KUNGURU: Itakayojengwa.

POPO: Na maji?

KUNGURU: Maji yapo njiani.

PAGALE: Yapo njiani tangu msingi wangu unachimbwa.

KUNGURU: Ndiyo maana nasema yamekaribia! Umeme upo kwa jirani. Barabara imeshapimwa, vigingi nimeviona mwenyewe, nimekaa juu yake. Soko linakuja, kituo cha mafuta kinakuja, benki inakuja.

POPO: Kila kitu kinakuja hapa isipokuwa watu.

MBAYUWAYU: Mimi nilitaka pembe moja tu chini ya zege, niweke tope langu nijenge kiota.

KUNGURU: Usifikirie kiota, dada, fikiria uwekezaji! Kiota unakijenga, unakiacha, kesho kina bei mara mbili. Ardhi haiozi.

POPO: Haiozi, lakini hati ina masharti. Mwambie basi. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Sheria ya mwaka 1999 inakupa haki ya kuikalia, mwisho miaka 99, na kwenye hati za mjini utakuta sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36. Nenda Chanika, nenda Mkuranga, nenda njia ya Bagamoyo, uhesabu viwanja vyenye vigingi vinne na nyasi za kiunoni. Wenyewe wako Sinza wamepanga.

MBUZI: Msizitukane nyasi.

KUNGURU: Popo anaona kila kitu kichwa chini.

POPO: Ndiyo faida yangu. Wewe unaangalia nyumba kuanzia kwenye paa, ambalo halipo. Mimi naanzia sakafuni, pale ambapo mtu angetandika mkeka. Hakuna mkeka.

PAGALE: Niseme na mimi, maana ndimi ninayesemwa. Mwalimu alinianza mwaka daraja la Kigamboni lilipofunguliwa, 2016. Kabla ya hapo huku kulikuwa na hadithi ya mji mpya. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa wanasubiri minara ya kioo. Minara haikuja. Daraja likaja kweli, na kila mwenye kiinua mgongo akavuka nacho. Mwalimu akaniwekea msingi wa ghorofa ingawa alikuwa na fedha ya banda. Nikamsikia anamwambia fundi: "Juu nitakaa mimi, chini atakaa mpangaji wa ubalozi."

MBUZI: Wa ubalozi gani?

PAGALE: Hakuutaja. Fundi naye hakuuliza, alikuwa anahesabu mifuko ya saruji.

POPO: Huyo mpangaji wa ubalozi namfahamu. Ameahidiwa kwa kila pagale kuanzia hapa mpaka Mbweni. Analipa kwa dola, analipa mwaka mzima mbele, hapiki samaki, hana watoto wa shangazi. Watu wamemjengea maelfu ya vyumba vyenye vyoo vya ndani, na yeye ni mtu mmoja, tena yuko Masaki na mkataba wake unaisha Juni.

KUNGURU: Dola nazo walishatuharibia. Mwaka 2025 wakaleta kanuni za kukataza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

POPO: Ndipo ikaonekana kodi zilizokuwa zinasomeka vizuri kwa dola elfu moja ni za ajabu zikiandikwa kwa shilingi. Mtu anahesabu sifuri mpaka anakaa chini.

KUNGURU: Mnasema yote hayo, lakini jibuni hili moja. Nchi hii ina upungufu wa nyumba milioni tatu! Na kila mwaka zinatakiwa laki mbili zaidi. Wataalamu wanalisema, mawaziri wanalisema. Sasa nyumba zitakosaje wanunuzi?

POPO: Nilijua utaleta hiyo milioni tatu. Kila muuzaji huibeba mfukoni. Upungufu huo ni wa nani, ndugu yangu? Ni wa dereva wa bajaji anayelala chumba kimoja Mbagala na watoto wanne. Ni wa muuguzi. Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi mitaa isiyopimwa, wamejijengea wenyewe tofali kwa tofali. Hao ndio milioni tatu yako. Wewe unamuuzia nani? Unauza nyumba ya milioni 150. Njaa ya mtu asiye na fedha haiitwi soko, hata ukiizidisha mara milioni.

KUNGURU: Atakopa! Mikopo ya nyumba ipo. Kuna taasisi tangu 2010 ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyohiyo.

POPO: Haya, tukope. Milioni 150, miaka 20, riba asilimia 15. Marejesho ni karibu shilingi milioni mbili kila mwezi. Kima cha chini serikalini kimepandishwa 2025 kikawa laki tano. Watumishi wanne wa kima cha chini watoe mshahara wote, wasile, wasipande daladala, ndipo walipe nyumba moja ya vyumba vitatu. Mwisho wa miaka 20 watakuwa wamelipa zaidi ya milioni 470 kwa nyumba ya 150.

MBUZI: Na chumba cha nne?

POPO: Cha nne cha nini?

MBUZI: Wako wanne, vyumba vitatu.

KUNGURU: Mmoja atakaa stoo. Tusipoteze muda kwa vitu vidogo.

MBAYUWAYU: Kwetu ilikuwa hivihivi. Nimewahi kukaa Ireland. Benki zilikopesha, mjenzi akajenga, mwalimu akanunua nyumba ya pili na ya tatu, kinyozi naye akanunua. Kila mtu alisema bei haijawahi kushuka. Halafu 2008 ikafika. Mwaka 2010 serikali ilihesabu mitaa ya nyumba zisizokamilika ikapata zaidi ya 2,800. Sisi mbayuwayu tulifurahi, kila dirisha lilikuwa wazi. Mwisho wa mwaka uleule nchi ikaenda kuomba fedha IMF na Umoja wa Ulaya.

KUNGURU: Wale walikosea eneo.

MBAYUWAYU: Nchi nzima?

KUNGURU: Eneo ni kila kitu, dada.

MBAYUWAYU: Na cha ajabu, leo huko watu wanatafuta nyumba hawapati, bei zimepanda tena. Ziliisha fedha, wakaacha kujenga. Binamu yangu anayefika Angola ana hadithi nyingine. Nje ya Luanda kampuni ya Kichina iliwajengea mji mzima, Kilamba, magorofa kwa mamia. Mwaka 2012 ulikuwa mtupu, fleti zinauzwa dola 120,000 na kuendelea, na waliokuwa wanazihitaji walikuwa wanaishi vibanda vya bati hukohuko Luanda. Mwaka uliofuata serikali ikakata bei, za chini zikawa dola 70,000 kwa mkopo wa muda mrefu. Watu wakapanga foleni.

POPO: Umesikia, Kunguru? Zege ni lilelile, barabara ileile. Kilichosogea ni bei.

KUNGURU: (anaziba masikio kwa mbawa) Hilo neno usilitamke mbele ya mteja.

PAGALE: Popo, waeleze habari za Dege. Si ulikaa kule?

POPO: Nilikaa, na ukoo wangu bado uko. Ni hapahapa Kigamboni. Nyumba zaidi ya 7,000 zilipangwa, mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF na mshirika wake, magorofa kwa magorofa yakielekea bahari. Ujenzi ukasimama 2016. Ukipita leo utaona kuta za kijivu, na majani yanapanda kwenye veranda. Fedha ya NSSF inatoka wapi? Inatoka kwenye karatasi ya mshahara ya mfanyakazi, hata kabla hajaugusa. Msichana wa kiwandani anayepanga chumba cha pamoja Buguruni amekatwa kila mwezi ili mimi nipate fleti yenye upepo wa bahari. Nimshukuruje? Sijui hata jina lake.

MBUZI: Mpelekee hata mapapai.

POPO: Na mjini kati ni vilevile. Mifuko ya pensheni ilipandisha minara, kila mmoja ukitaka kumzidi mwenzake kimo, mpangaji mkubwa akiwa serikali yenyewe. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia Dodoma. Wizara zikafunga virago. Fedha ya wastaafu ikabaki inatazama bandari na mlinzi mmoja mapokezi.

KUNGURU: Lakini bei hazikuanguka! Nionyesheni bango moja lililoshusha bei.

POPO: Hapo ndipo penye ulaghai wote. Bei ya bango siyo bei. Jirani wa kulia ameandika milioni 200. Ameuza? Hajauza, mwaka wa nne huu. Wa kushoto akaona 200, akaandika 220, kwa sababu yeye ana tanki la maji. Mwalimu naye hajauza wala hajatangaza, lakini usiku anapiga hesabu kwamba ana 250. Hakuna shilingi iliyotoka mfuko mmoja kuingia mwingine, na wote watatu wamelala matajiri. Halafu unakuja wewe, unachukua maandishi ya rangi ya watu watatu wasiouza, unampelekea wa nne, unamwambia: soko liko hapa.

KUNGURU: Mimi nasafirisha habari tu.

POPO: Wewe uliletwa Zanzibar karne ya 19 kuokota takataka, na kazi ile ilikuwa ya heshima! (Hapa Popo alipandisha sauti, na mwandishi hakuona sababu ya kumzuia.) Na siyo wewe peke yako. Yuko mwenye kampuni anayenunua shamba la mihogo kwa heka, analikata viwanja, anaweka bendera na spika kubwa, anauza kwa mafungu ya miezi kumi na mbili: wahi, kesho bei inapanda. Inapanda kwa amri ya nani? Yake! Yuko mchungaji anayetangaza viwanja baada ya sadaka. Yuko mtumishi anayechukua mkopo wa mshahara wa miaka saba anunue kiwanja cha pili, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ada. Tena mna ujasiri wa kumcheka anayepanga! Mnamuita hana maendeleo. Anayepanga analala kwenye nyumba, ninyi mnalala kwenye matumaini. Mnasema mnanunua ardhi. Mnanunua mtu mwingine atakayekuja kununua kwenu, na huyo mtu hamjamuona, hamjui anafanya kazi gani, hamjui atapata wapi hiyo fedha. Mnajua tu kwamba atakuja. Na yeye kwa upande wake anamngoja mwingine.

PAGALE: Polepole, Popo. Plasta yangu ni ya maji mengi, inabanduka.

MBUZI: Mwalimu siyo mjinga. Usimseme vibaya. Benki riba ya akiba ilikuwa haifiki popote, biashara alijaribu ya kuku, wakafa. Rafiki zake wote walisema jenga. Angefanya nini?

POPO: Angejenga vyumba viwili na choo, akahamia. Angekuwa amelala humu kwa miaka yote hii. Sasa anapanga Tandika, na kodi anatoa kwenye pensheni, ili pagale hili lisikae na mtu wa hadhi ya chini.

(Kimya kidogo. Mbuzi anatafuna kitu chenye wino.)

MBAYUWAYU: Sasa mimi ile pembe yangu?

KUNGURU: Pembe ipo. Kodi ya mwaka mzima, unalipa mbele. Mwezi mmoja wa dalali. Na hela ya usumbufu, nimekuonyesha.

MBAYUWAYU: Mimi huondoka Machi. Na nilichonacho ni tope.

KUNGURU: Tope la wapi?

MBAYUWAYU: La hapohapo kwenye dimbwi.

KUNGURU: Lakini wewe umetoka Ulaya, sivyo?

MBAYUWAYU: Nimetoka Ulaya.

KUNGURU: Basi inatosha. (Anaruka, anatua juu ya nondo, anapiga kelele kuelekea kwa jirani.) Jamani! Pagale la mwalimu limepata mwekezaji kutoka Ulaya! Anaingia na vifaa vyake vya ujenzi!

PAGALE: Amesema nini huyu?

MBUZI: Jirani ameshatoka nje. Ana kopo la rangi na brashi. Anafuta ile 200.

POPO: Anaandika ngapi?

MBUZI: Mimi sijui kusoma. Ila ubao umemwishia, sasa anaandika ukutani.