Gari Lililoponywa na Kila Mtu

Mara ya kwanza lilinizimikia Gede, mkabala na meza ya muuza mabuyu. Halikulia wala kutoa moshi. Lilianza kuvuta kwa shida, likamisi, likatetemeka kama mtoto aliyeogeshwa maji ya kisima alfajiri, kisha kimya. Sijafungua hata mlango, muuza mabuyu ameshatoa hukumu.

“Betri hiyo, mwalimu.”

Nikamwambia betri ni mpya. “Basi vichwa vya betri,” akasema, wala hakupepesa. Akaokota jiwe, akavigonga kimoja kimoja, akavimwagia maji, akarudi kwa wateja wake. Tulizungumza habari za mvua, nikala mabuyu mpaka midomo ikawa myekundu. Nilipozungusha ufunguo, gari likawaka.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, Pijo kwa lugha ya stendi, mojawapo ya zile zilizounganishwa hapa hapa Mombasa. Nimeachiwa na ami yangu, aliyeniusia nisiliuze wala nisilibadili rangi. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na ami alikuwa akiitaja miaka hiyo kama sharifu anayetaja nasaba yake. Kwa hivyo lilipoanza kunizimikia kila baada ya kilomita 15 au 20, nilikuwa naiaibisha na maiti kaburini.

Mara ya pili ilikuwa Matsangoni, penye kijiwe cha bodaboda. Pale hupungukiwi washauri. Mmoja alisema plagi, mwingine akasema petroli imetiwa maji, wa tatu akasema magari haya ya Wafaransa hayapendi joto. Wakaniitia fundi. Fundi akagusa koili, akauondoa mkono haraka. “Yawaka moto hii! Koili ikichemka hufa, ikipoa yafufuka. Yataka mpya.”

Sikumwona mjinga, na mpaka leo simwoni hivyo. Gari la umri huu halina kompyuta. Ndani ya distribyuta kuna vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana mara maelfu kwa dakika, na kila vikiachana, koili huzichukua zile volti 12 za betri ikazifanya maelfu, cheche ikaruka kwenye plagi. Kitu chochote kikilegea katika mnyororo huo, injini inakosa. Tena sisi tunakaa na bahari. Hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye kila kiungo cha shaba. Hata kitasa cha mlango wangu hakifunguki bila mafuta ya nazi. Nani angefikiria jambo jingine isipokuwa karenti?

Bodaboda akatumwa Kilifi, akaja na koili, ikafungwa. Lote hilo lilichukua zaidi ya nusu saa. Gari likawaka. Nikalipa kwa furaha, nikashukuru, nikaondoka. Koili mpya ikadumu kilomita zile zile. Safari nyingine likanizimikia karibu na Vipingo.

Fundi wa Vipingo alicheka aliposikia habari ya koili. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akasugua vijichuma kwa msasa, akapima nafasi yake kwa kikaratasi cha pakiti ya sigara, kipimo ambacho vitabu vinasema kiwe sehemu nne za kumi za milimita. Kisha, katika kurudisha nyaya za plagi, akachanganya mbili. Injini hii huwasha silinda zake kwa zamu, ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, na ukivuruga foleni hiyo haikusamehi. Nilipopiga starta ulitoka mshindo kwenye kabureta, mbuzi wa jirani wakakimbilia kwenye mkonge, na nyusi za fundi zikapungua. Akazipanga upya nyaya. Nusu saa nyingine. Likawaka. Kwa kunitendea wema akaikaza na skrubu ya kabureta, “lisikuzimikie ukisimama”, na tangu siku hiyo gari likisimama tu lilinguruma kama boti ya wavuvi inayotoka mlangoni.

La daraja la Kilifi nitalipitisha haraka. Daraja lile lilifunguliwa 1991, kabla yake watu walivuka kwa feri, na siku hiyo niliitamani feri. Upepo ulikuwa mkali, honi zilikuwa nyingi, na abiria wa matatu walioshuka kunisukuma walinisukuma huku wakinisema.

Kisa cha shangazi ndicho kilichonivunja. Tulikuwa tunakwenda harusini Gongoni, mke wangu mbele, shangazi yake nyuma na sinia la vileja mapajani. Tulipoipita Mambrui tu, gari likakata roho. Nikafungua boneti, nikashika hiki na kile kama mtu anayejua. Shangazi alishuka taratibu, akaliweka sinia kivulini, akalitazama gari kwa huruma.

“Mwanangu, gari hili lina kijicho. Watu wameliona.”

Akasoma aliyoyasoma, akalipulizia kuanzia taa mpaka taa, akalizunguka mara saba kwa mwendo wa miguu yake, ambayo mmoja una baridi yabisi. Hesabu mwenyewe muda wake. Aliporudi kuketi, likawaka kwa msokoto mmoja. Hakunidai senti, na dawa yake ilidumu kilomita zile zile za koili mpya.

Tukala wali wa harusi, na mimi macho yangu yalikuwa upande wa Ngomeni. Baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti iitwayo Uhuru kutoka kwenye jukwaa la San Marco, ya kwanza duniani kutumwa angani kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Roketi iliwaka pale majini, kwenye chumvi ile ile, ikaenda. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kurudi Malindi kabla ya magharibi.

Hatimaye nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza magari chini ya mwarobaini, pale Malindi. Hakufungua sanduku la spana. Aliniuliza, “Likizima, wangoja muda gani ndipo liwake?”

“Nusu saa.”

“Na nusu saa hiyo wafanya nini?”

Nikamhesabia: jiwe, koili, msasa, kisomo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Na usipofanya kitu?”

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kujaribu kutofanya kitu.

Tukaliendesha mpaka likazima. Akachomoa waya mmoja wa plagi, akaniambia nipige starta. Cheche ikaruka, ya buluu, ta-ta-ta. “Karenti ipo.” Akachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, nikapiga tena. Tone moja, la pili, basi. Akanyanyuka, akazunguka mpaka nyuma, akafungua kijilango cha tangi, akasimama pale kitambo.

“Mwalimu, hii ni nini?”

Lilikuwa gunzi la hindi. Kifuniko chenyewe nilikisahau juu ya paa la gari siku niliyotia mafuta, kikaenda zake. Nikatafuta gunzi la kiasi chake, nikalivika mfuko wa nailoni, katika akiba niliyoificha tangu Serikali ilipopiga marufuku mifuko ile Agosti 2017, kisha nikalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minane. Niliona fahari. Petroli haikumwagika hata tone.

Mzee alifungua mizunguko minane, akavuta. Tangi likavuta pumzi, fyuuuu, kama mpiga mbizi aliyeibuka. Petroli ilikuwa inatoka na hewa haina pa kuingilia. Kadiri tangi lilivyonyonywa ndivyo lilivyozidi kushikilia chake, mpaka hewa ipenye kidogo kidogo pembeni mwa gunzi. Muda wake, nusu saa.

Kutwa nzima iliyofuata hakuitumia kwa ugonjwa, aliitumia kuondoa dawa: vijichuma, majira ya cheche, skrubu ya kabureta. Nilipokuwa namlipa, alikuwa bado ameshika gunzi, analigeuza geuza.

“Wafunza somo gani, mwalimu?”

Nimefundisha fizikia miaka 22.

“Kiswahili,” nikamjibu.