Jicho Lisilosinzia

Zamani, katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, siri za watu zilichungwa na bibi mmoja aliyekaa nyuma ya dirisha, ambaye, pamoja na umbea wake wote, alisinzia baada ya adhuhuri, akasahau, na akanyamaza kwa kisahani cha halua. Tangu serikali ilipoazimia, mwaka 2014, kuzitundikia Nairobi na Mombasa kamera zipatazo 1,800, tumeruzukiwa jicho lisilosinzia, lisilosahau wala kula halua. Naam, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chatudhaminia faragha, nami sikishuku. Ila majuzi, nilipoibiwa makubadhi yangu chini ya mlingoti wake, niliarifiwa, kwa taadhima kubwa, kwamba siku hiyo jicho lilikuwa na maradhi.