Watalii wasio na kamera

Kwa kufuata vipeperushi, mji wa kitalii ni ule wenye bahari na mgeni aliyebabuka kwa jua. Kwa kipimo hicho Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama, haimo. Lakini mtalii ni nani, kama si mtu aliye mbali na kwake, anayelala gesti na kulipia raha atakayoikana akirudi nyumbani? Dereva wa lori la Kigali au Bujumbura anayelala Nyasubi ana sifa zote tatu, na mchimbaji aliyeuza dhahabu yake jioni ana ziada ya kununulia meza nzima. Chipsi mayai zinakaangwa, bodaboda wanasubiri, wala hakuna aliyeomba bajeti ya kutangaza vivutio.

Watasema huo si utalii, ni ulevi. Sawa, ila wanaofurika Kendwa, Zanzibar, usiku wa mbalamwezi hawaendi kusoma nyota. Watasema pia starehe ya dhahabu haidumu: mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009, na 2021 ukafikia tamati. Hoja nzito hiyo. Lakini malori hayachimbwi yakaisha. Anayetaka Nyasubi itambuliwe rasmi kuwa ya kitalii afikiri mara mbili, maana bei ya bia ikishapandishwa kwa ajili ya mgeni, haishuki mwenyeji anapoagiza.