Kaye ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa Birere hana haja ya kutajwa jina. Mfano wake yuko Majengo, yuko Himbi, yuko Katindo, na karibu kila mtu wa Goma ana nguo iliyolala kwake. Mwishoni mwa Agosti ndiyo hatari zaidi, kwa sababu shule zinafunguliwa Septemba na kila mzazi anataka shati jeupe na suruali ya bluu kabla jirani hajapata. Wote hao fundi huwajibu neno moja: kesho.

Basi fundi akachoka kutukanwa, akanunua kaye, yaani daftari.

Wazo lilikuwa la mpwa wake aliyesoma, aliyemwambia kwamba kuna watu wanaoishi kwa kupanga siku tu. Mpwa hakudanganya. Ryder Carroll, mbunifu wa Brooklyn, alisumbuka tangu utotoni kwa kushindwa kutuliza akili darasani, akajitungia namna yake ya kuandika shughuli kwa vidoti na vistari. Mwaka 2013 aliwaonyesha watu namna hiyo kwenye intaneti, na 2018 akaitolea kitabu. Daftari likawa kazi yake. Mwitaliano Francesco Cirillo naye, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajilazimisha kusoma mpaka ilie. Siku hizi wanaomfuata hufanya kazi dakika 25, wakapumzika 5. Kwa fundi, nyanya mahali pake ni kwenye samaki wa sambaza, lakini alikubali kujaribu.

Dakika ya tatu aliingia mteja. Ya saba umeme ukakatika. Ya kumi na mbili simu iliyokuwa ikihesabu dakika ikazima. Akaipeleka kwenye kibanda cha kuchaji na kuiacha huko ilale, kengele ya alfajiri ikiwa imetegwa. Saa kumi na moja aliyeamka ni mlinzi wa kibanda, pamoja na nusu ya barabara. Fundi alilala mpaka saa mbili.

Kaye nayo ilianza vibaya. Ukurasa wa kwanza aliandika: Mama Furaha, gauni, Ijumaa. Ijumaa wakaja akina Mama Furaha watatu, gauni likiwa moja, na kila mmoja ana hakika kwamba kitambaa ni chake. Fundi alipaswa kukumbuka mapema kwamba Goma mwanamke huitwa kwa jina la mtoto, na kwamba akina Furaha, Baraka na Espoir ni wengi kuliko mitaa. Ukurasa wa pili akaongeza vipimo na mtaa. Ukurasa wa tatu akaongeza pesa iliyotangulizwa, na hapo akajifungia mlango mwenyewe, kwani tangu siku hiyo hakuweza tena kusema amesahau.

Majirani nao waliiona ile kaye. Mtu anayejulikana kwa kuandika vizuri hapewi nafasi ya kupumzika katika mji wenye AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo vinavyokutana kila wiki. Mpango huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Kila mwanachama hununua hisa, moja hadi tano kwa kikao. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe analala nalo wa nne, ili wizi uhitaji mkutano mkuu. Anayechelewa hutozwa faini. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika, na fundi akachaguliwa bila kuulizwa.

Kikao cha kwanza alichelewa. Jina la kwanza aliloliandika kwenye safu ya faini ni lake.

Kikao kingine hakikufunguliwa kabisa. Ilikuwa 2022, na tangu Juni mwaka huo, baada ya tukio la risasi kwenye Petite Barrière, kivuko cha kwenda Rwanda, mpaka ulikuwa ukifungwa saa tisa alasiri. Mwenye ufunguo wa pili alikuwa amevuka kwenda Gisenyi kununua bidhaa, akakwama huko na ufunguo mfukoni. Wanachama walikaa wakilitazama sanduku. Fundi aliandika yote, pamoja na saa.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango na pesa taslimu ikawa shida. Hapo hakukuwa na cha kuchekesha, na mtu aliyejua nani anamdai nani kiasi gani akawa wa kutafutwa kweli.

Utaratibu wa AVEC una nafasi ya mtu anayeanzisha na kufundisha vikundi vipya, akalipwa na vikundi vyenyewe. Ndiyo kazi aliyoishia nayo fundi wetu. Anatembea kwa pikipiki kutoka mtaa hadi mtaa, kaye kwapani, akiwatoza faini watu wale wale waliokuwa wakimtukana kwa kuchelewa. Cherehani haigusi tena. Kikundi kinachomtaka kimfuate Jumapili mchana, maana siku nyingine ana vikao. Nguo anapokea mpwa wake, na mpwa bado hajanunua kaye.