Sukari ya Bibi Iliposhuka

Nyumbani kwetu Tanga, dawa za kisukari za Bibi zilikuwa chini ya ulinzi wa Shangazi. Metformini na glibenklamidi, asubuhi na jioni, kama alivyoandikiwa zamani, alipokuwa bado anakwenda sokoni kwa miguu na kumaliza sahani ya wali. Miaka ikapita, Bibi akakonda, hamu ya kula ikampungua. Vidonge vikabaki vilevile.

Usiku mmoja akaanza kumwita marehemu Babu, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Nyumba ikagawanyika. Baba mdogo akasema ni malaria. Jirani akaagiza ubani ufukizwe. Mama akasema ni uzee. Shangazi hakubishana na mtu. Alimtoboa Bibi kidole, kipimo kikasoma 2.6 mmol/L. Chini ya 4 sukari imeshuka. Chini ya 3 ni hatari kubwa.

"Mama, kunywa," alimbembeleza, akimpa maji ya sukari taratibu, kwa kuwa alikuwa bado anameza. Aliyezimia hatiwi kitu kinywani. Baada ya dakika 15 akampima tena: 4.8. Bibi akauliza mbona watu wamejaa chumbani kwake.

Baba mdogo akataka sote tukalale. Shangazi akakataa katakata: athari ya glibenklamidi hudumu, sukari ingeweza kuporomoka tena. Bibi akanyweshwa uji, akapelekwa hospitali. Alfajiri sukari ikashuka kweli, akatundikiwa dripu ya glukosi.

Vipimo vikaonyesha figo zimedhoofu. Daktari akatueleza kwamba figo zikichoka, glibenklamidi hurundikana mwilini, na kwamba Shirika la Afya Duniani linasema haiwafai waliovuka miaka 60. Akaifuta, metformini akaipunguza. Lengo la HbA1c, yaani wastani wa sukari wa muda mrefu, akalilegeza: chini ya asilimia 8 yatosha kwa mzee dhaifu, maana sukari ikishuka na kumwangusha anaweza kuvunjika nyonga, hata kufa.

Shangazi, aliyezoea kushangilia tarakimu ndogo, akanuna kipimo cha kidole kiliposoma 9. Bibi akakata shauri: "Mwanangu, afadhali tisa nikiwa na akili zangu."

Ndugu msomaji, mzee wako akikonda, akila kidogo au akichanganyikiwa ghafla, mpime sukari kwanza. Usimkatie dawa kwa uamuzi wako. Kusanya vidonge vyake vyote, mpeleke kwa daktari, uombe figo zipimwe na dozi iangaliwe upya.