Namba Zisizo za Kawaida

Nimeshika chaki kwa miaka 26 katika shule moja ya msingi hapa Tanga, upande wa Ngamiani, ambako barabara hazikupewa majina ya masultani wala ya mashujaa bali zilihesabiwa tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata zikafika ishirini. Na katika muda huo wote, ingawa nimepata kugombana na watu kwa sababu ya mpira, kwa sababu ya zamu ya kufagia uwanja, na mara moja kwa sababu ya mbuzi, sikupata kugombana na mtu kwa sababu ya hesabu. Hesabu ilikuwa ndiyo heshima yangu. Mtaani huitwa kusuluhisha michango ya harusi isiyolingana na daftari, na wauza kahawa huniamini kuhesabu vikombe vyao. Mtu aliyesimama juu ya daraja namna hiyo hana budi kuanguka siku moja, nami nilianguka mchana kweupe, mbele ya watoto 87.

Chanzo ni kishikwambi. Msomaji atakumbuka kuwa sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vyombo hivyo, na kwamba kazi ilipokwisha iliamuliwa vigawiwe walimu ili vitumike kufundishia. Neno lenyewe lilitusumbua kabla ya chombo, maana mvuvi mmoja wa Sahare, nilipompa habari kuwa nitapata kishikwambi, aliniuliza kwa unyenyekevu kama huliwa kwa nazi au hukaangwa. Changu nilikipokea kwa taadhima kama mtu akabidhiwaye amana ya yatima. Chombo kilichoshiriki katika kuhesabu watu 61,741,120 toka Kagera mpaka Mtwara, nilijisemea, hakiwezi kushindwa na Darasa la Nne. Mke wangu akakishonea mfuko wa kipande cha khanga, na kwa kuwa alikata bila kusoma, maneno yaliangukia upande wa nje nayo yalikuwa ya kumsuta jirani. Hivyo kila nilipokitoa katika ofisi ya walimu, mwalimu aliyeketi mkabala nami aliyasoma, akanitazama, akayasoma tena, na mpaka leo hatusalimiani kwa ule moyo wa zamani.

Sitasema mengi juu ya nywila. Chombo kilitaka herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ambayo si herufi wala tarakimu, nami nikakitungia nywila yenye mambo hayo yote, nikaisahau kabla ya adhuhuri. Ya pili niliiandika kwa chaki nyuma ya ubao. Ya tatu niliiweka baada ya kumkuta kiranja akiwakaririsha wenzake ile ya pili kwa sauti ya kasida.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nilikuta vitabu vya kiada vimepangwa bila vumbi wala mchwa, nami niliyezoea kitabu kimoja kushikwa na watoto sita, watatu wakisoma sawasawa na watatu kichwa chini, niliona kama nimefunguliwa hazina. Nikawaonyesha watoto katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, zenye kufundisha hesabu kwa nyimbo, na kwa wiki nzima uwanja wetu uliimba sehemu na desimali. Lau ningalikomea hapo, ningalikuwa salama. Lakini aliyeonja asali ya kibuyu hutaka kuuona mzinga, nami nikaingia katika mitandao ya mbali kutafuta zana nyingine.

Kwa kuwa nimetaja mzinga, ni haki nilisimulie la nyuki. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili nilitaka kufundisha vita vya Tanga vya Novemba 1914, pale Waingereza walipoteremsha Ras Kazone jeshi lao lililotoka Bara Hindi, askari wapatao 8,000, wakarudishwa baharini na askari wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwauma watu wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Nikaona maneno hayatoshi, sharti watoto wawasikie nyuki wenyewe. Nikapakua mvumo wao, nikaazima spika ndogo, nikaiunganisha bila waya, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Darasani pakawa kimya. Nikaongeza tena pasipokuwa na pa kuongezea. Ndipo tulipoona, kupitia dirishani, mtu aliyenyolewa nusu ya kichwa akitoka mbio katika kibanda cha kinyozi jirani huku shuka la kunyolea likipepea shingoni, na nyuma yake kinyozi mwenyewe, mashine mkononi, akijipiga masikio. Chombo changu kilikuwa kimeipuuza spika ya kuazima kikachagua ile kubwa ya kinyozi. Watoto waliielewa historia siku ile kuliko siku yoyote, bali mimi nanyolewa Makorora tangu hapo.

Sasa nifike kwenye msiba wenyewe.

Tangu 1967 shule zetu za msingi hufundisha kwa Kiswahili, nayo ni neema ambayo mwalimu haioni mpaka aingie mtandaoni, ambako zana nyingi na nzuri zimeandikwa kwa Kiingereza. Nilipata mchezo wa chemshabongo wa hesabu, wenye rangi, kengele na vigelegele, unaogawa darasa mafungu mawili yakashindana. Uliandikwa kwa Kiingereza. Lakini pembeni palikuwa na kitufe cha kutafsiri, na nilipokibonyeza, maneno yote yaligeuka Kiswahili kwa upesi ambao mkalimani wa mahakamani angeuonea wivu. Kweli, Kiswahili chenyewe kilikuwa na ladha ngeni. Niliagizwa kuwakaririsha watoto “meza ya nyakati ya sita”, nao wakaitazama meza yangu, yenye miguu mitatu na tofali, kabla ya mmoja wao kukisia kuwa huenda ni tebo. Niliagizwa kuwauliza “namba kuu”, na mtoto wa dawati la mbele akajibu bila kusita kuwa namba kuu ni ile ya simu ya Mwalimu Mkuu. Ilikuwa ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zake.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angezima. Mimi sikuzima, na sababu yake naiungama kwa haya: niliona mtambo unajua kuliko mimi. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 ilikuwa imetuzoesha kukutana na maneno ambayo jana hayakuwako, na moyoni nilijiambia kwamba labda tasa, kwa kuwa hutajwa pia kwa mwanamke asiyezaa, imeondolewa kwa ajili ya adabu, nami wa Ngamiani sijapata habari. Basi kila kilichotokea kwenye kioo nilikinakili ubaoni kwa hati nzuri.

Kilichofuata kilikuwa hiki: gawa darasa mafungu mawili, la kwanza “namba zisizo za kawaida”, la pili “namba hata”.

Nikashika daftari la mahudhurio. Nikaita namba 1, nikaita 3, nikaita 5, nikaita 7, nikawaambia kwa sauti niliyoizoea ya gwaride, “Ninyi si wa kawaida, kaeni upande wa dirisha.” Wakaenda 44, wengine kwa majivuno, wengine kwa fadhaa. Waliobaki, 43, nikawatangazia kuwa wao ni wa hata.

“Hata nini, Mwalimu?” akauliza namba 12.

Nikakitazama kioo. Hakikuwa na zaidi. “Hata tu,” nikasema.

“Hata mimi?”

“Hata wewe.”

Mchezo ukachezwa, kengele zikalia, vigelegele vikapigwa. Kabla ya kutoka, binti mmoja mdogo mwenye tabia ya kufikiri akanyosha kidole. “Mwalimu, sisi sote tuko 87. Basi darasa letu zima si la kawaida?” Nikapiga hesabu kichwani, na kwa kuwa hesabu ni heshima yangu, nikamjibu kuwa naam, darasa zima.

Kesho yake nilipofika, baraza ya ofisi ilikuwa imejaa kama siku ya matokeo. Habari zilikuwa zimesafiri usiku kwa njia ya Ngamiani, yaani kwa dirisha na ua, na katika safari hiyo zilikuwa zimenenepa: kwamba chombo kilekile cha serikali kilichowahesabu watu kimerudi kuwachambua, na kwamba watoto 44 wameonekana wana kasoro. Baba mmoja alitaka kujua kama ni macho au kichwa. Mama wa namba 21 alisema mwanawe alizaliwa mwezi mwandamo na hajapata hata surua. Lakini aliyekuwa na ghadhabu kupita wote alikuwa mama wa namba 12, ambaye mwanawe hakutiwa kasoro yoyote. “Wa wenzangu wamepewa neno zima,” alisema, “zuri au baya wamelijua. Wa kwangu ameambiwa hata. Hata nini, Mwalimu? Nimelala na neno nusu.”

Katikati yao aliketi bibi yake namba 7, kimya, ukaya umefunika nusu ya uso, na mapajani mwake palikuwa na chupa ya maji ya dukani iliyobanduliwa karatasi, yenye maji ya rangi ya manjano.

Mwalimu Mkuu, ambaye ana hekima ya kutouliza maswali mawili palipo na moja, aliniambia niwaeleze wazazi somo lilikuwa nini. Nikaanza kueleza mchezo, kitufe na tafsiri. Nyuso zikazidi kukunjamana. Nikaeleza kwamba kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa namba ya namna ile na kwa kitu kisicho cha kawaida, na kwamba neno jingine moja hutumika kwa namba za namna ya pili na kwa hata yetu hii ya hata mimi na hata wewe, nao mtambo, usio na bibi wala chuo cha Kurani, umeokota maana iliyokuwa karibu na mkono. Hawakunielewa. Nilipoona nimezama, nikashika neno la zamani kama mtu ashikavyo ngalawa.

“Wazazi wangu,” nikasema, “ni witiri na shufwa.”

“Aaa!” ilisema baraza nzima.

“Witiri!” bibi akafunua ukaya. “Si hii tunayoisali baada ya isha?”

“Ndiyo hiyo, Bibi. Moja, tatu, tano, saba.”

“Sasa babangu, kilichokuzuia kusema witiri ni nini? Mjukuu wangu kaja nyumbani analia. Witiri ni kheri tupu.” Wakaanza kuambiana wao kwa wao, na baba aliyeuliza habari za macho akamfafanulia jirani yake somo lote, vizuri zaidi yangu. Maneno yale mawili yaliingia pwani kwa majahazi, karne kadhaa kabla ya intaneti, na hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyeyahitajia nywila. Hata mama wa namba 12, alipoambiwa kuwa shufwa ni namba inayogawanyika mbilimbili bila baki, alisema kwamba kweli mwanawe huyo ni mgawaji.

Watu wakaanza kutawanyika. Nikamwendea bibi nimshike mkono. “Shikamoo, Bibi. Unisamehe.”

“Marahaba. Nimesamehe. Ila hili,” akainua chupa, “nimeliandikisha jana baada ya magharibi, kwa zafarani safi, likaoshwa kwa marashi ya mawaridi. Namba saba wangu sasa hana la kutibiwa, na kombe halimwagwi ovyo.” Akanitazama kitambo. “Katika lile daftari mnalotia sahihi asubuhi, ninyi walimu, wewe namba yako ngapi?”

Nilifikiri kusema uongo, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

“Kumi na tatu, Bibi.”

Akafungua kifuniko, akaniletea chupa mpaka kinywani, nami nikanywa lote.