Kibodi ya Bei Poa Apewe Maua Yake

Wapo wanaosifia magari, wapo wanaosifia simu zenye kamera tatu. Kibodi ya Sh 15,000, ile inayoning'inia kwenye msumari katika maduka ya Kariakoo, ndani ya boksi jembamba lenye picha ya kibodi nyingine kabisa, haijapata wa kuisemea. Kazi hiyo naichukua mimi, na wala sidai posho.

Kwanza, haina uchoyo wa maisha. Mwaka 1985 IBM walitoa kibodi iliyoitwa Model M: zaidi ya kilo mbili, bamba la chuma ndani, na chini ya kila kitufe springi inayojikunja na kulia ta! kila ukibonyeza. Ukaidi wake haujapata kuonekana. Za enzi hizo zipo mpaka leo na zinachapa. Watu wanazisaka, wanazisugua, wanazitafutia waya wa kuziunganisha na kompyuta za sasa. Tena kampuni ya Unicomp, huko Kentucky, Marekani, imeshika kazi ya kuziendeleza tangu 1996. Hebu tazama hasara hiyo: mtu kanunua kibodi ujanani, kastaafu nayo. Mwenye duka ale nini? Na wa kontena je, na wakusanya kodi? Kibodi yetu ina utu. Zamu yake ikiisha inajiondokea, inawapisha wenzake msumarini.

Ukitaka kuijua vizuri, ifungue. Mara nyingi utaifungua mara moja tu, maana badala ya skrubu ina meno ya plastiki, nayo hayakubali kurudi. Ndani kuna karatasi mbili laini za plastiki zilizochorwa njia za umeme, katikati yake karatasi ya tatu yenye matundu, na juu vikofia vya mpira. Ukibonyeza, kikofia kinabonyea, njia ya juu inaigusa ya chini kupitia tundu, herufi inatoka. Basi, hakuna la zaidi. Ikimwagikiwa chai ya maziwa, chai inajipenyeza kati ya karatasi na kupanga humo. Hata ukiianika juani kutwa, haitoki. Inaanza kuzila zile njia taratibu. Na kwa kuwa njia moja inapita chini ya vitufe kadhaa, ikikatika haiondoki na kitufe kimoja, inaondoka na jirani zake. Mfanyakazi gani mwingine anafariki akiwa na mshikamano wa namna hiyo?

Wino wake nao una maadili. Unafutika kwanza pale penye kazi, na kwetu penye kazi ni A. Andika tu "wananchi wanakaribishwa", umeshaigonga mara 6. Baada ya miezi michache A imekuwa kitufe cheupe, I na N zinaifuata, huku Q na X, ambazo tunazihitaji kwa majina ya wageni na nywila tu, zikibaki mpya kama zilivyotoka dukani. Hapo ndipo kibodi inapogeuka mlinzi wa ajira. Ingia steshenari yoyote, kijana amekuja kuchapisha barua ya maombi ya kazi, anaona foleni ndefu, anaomba achape mwenyewe.

"Dada, A iko wapi hapa?"

"Hiyo isiyo na kitu."

"Mbona zote hazina kitu?"

"Basi sogea kaka'angu, nichape mimi. Ukurasa elfu moja."

Kuna kibodi ambazo herufi yake ni plastiki ya rangi nyingine, imemiminwa kupenya kitufe chenyewe, hivyo haifutiki labda kitufe kiishe. Zingeenea hizo, dada yule angekula wapi?

Wapinzani wetu hukimbilia takwimu. Watengenezaji wa swichi, zile zinazokaa chini ya kila kitufe badala ya kikofia cha mpira, Cherry wa Ujerumani wakiwemo, wanatamba kwamba kitufe kimoja kinavumilia kubonyezwa mara milioni 50 na zaidi. Vya mpira kwa kawaida hutajiwa milioni 5 hadi 10. Milioni 50! Nani ana maneno yote hayo? Haya, tuseme ya swichi ni Sh 150,000 na inadumu miaka 10, ya kwetu ni 15,000 na inadumu mwaka. Ni hela ileile, ila sisi tumepata na safari 10 za daladala na maboksi 10. Utani kando, kwa mtu anayechapa barua mbili kwa mwezi, ya bei poa ndiyo ya kununua, asidanganywe na mtu. Ni yule anayeshinda akichapa ndiye anayeilipia kwa njia nyingine: mpira hautoi herufi mpaka kidole kifike chini kabisa, wakati swichi nyingi huitoa njiani, kidole kikiwa bado kinashuka. Jioni viganja vinajua tofauti. Mimi nayaita mazoezi ya bure.

Anayetaka kudumu katika penzi hili ajihadhari dukani. Asiipindue kibodi kutafuta skrubu au matundu ya kutolea maji. Asiishike ncha mbili na kuipinda kidogo asikie kama inalia. Asipitishe ukucha juu ya herufi. Asiombe ichomekwe ili ajaribu kitufe cha nafasi kwa kukibonyeza pembeni, maana pembeni ndiko kinakokwama. Na asithubutu kuuliza kama waya unachomoka, ukikatika ubadilishwe peke yake. Maswali ya namna hiyo yatamfanya muuzaji agune, apande ngazi, ateremshe nyingine yenye vumbi kutoka rafu ya juu, ya bei mara tatu, ambayo haitamrudisha mteja miaka na miaka. Aulizie garantii tu.

"Ipo, bosi," atajibiwa. "Mpaka pale mlangoni."